Kofia ya Mchumba Wako

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukiwa umesimama utachoka kunikasirikia kabla hujafika mwisho. Goti linasemaje? Mimi mdogo wako ni mzima. Meno manne yaliyobaki yanaelewana, na macho yanaona yanachotaka. Mwandiko usiucheke, shule niliiacha mapema, nayo haikunililia.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kofia. Najua utasema nyingine tena, na kichwa ni kilekile kimoja. Lakini hii si ya dukani. Ni ya felti, ile sufu inayoshindiliwa mpaka ishikane yenyewe bila uzi wala sindano, tena imetengenezwa kwa mkono kwa ajili ya kichwa changu mimi, pamoja na lile bonde la nyuma ulilonipa uliponiangusha nikiwa mchanga. Rangi yake ni ya majivu. Ukingo umeinama kidogo mbele, kama mtu anayetaka kukunong'oneza umbea. Siku niliyoivaa nilipita mbele ya kioo cha kinyozi mara tatu, mpaka kinyozi akatoka nje kuniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia nimepata.

Fundi wake ni mama mmoja mfupi, mikono imebabuka kwa mvuke. Aliponipima kichwa alisema wazee wengi huja wakidhani vichwa vyao ni vikubwa kuliko vilivyo. Nikampenda palepale. Nikawa naenda kila siku kukaa karakanani kwake, yeye akilalamika kwamba namzibia mwanga, mimi nikimwambia mwanga wenyewe ndio mimi.

Siku ya tatu ndipo nilipoona jambo. Alitandaza sufu mezani, pana kama sinia, akaimwagia maji ya moto, akapaka sabuni, akasugua kwa nguvu. Ikaanza kujikunja. Akaongeza maji, akasugua, mpaka ile sinia ikawa sahani. Nikamuuliza nyingine imekwenda wapi. Akasema haijaenda popote. Sufu ikipata moto, sabuni na msuguo husinyaa, na ikishasinyaa ndiyo basi. Ndiyo maana kofia ya felti haifuliwi, akasema, na anayeifua kwa maji ya moto ni sawa na anayeipika. Niliinuka nikaenda zangu nyumbani.

Sasa kaza moyo. Unaikumbuka siku yule mchumba wako mwalimu alipokuja na wazee wake kuzungumza na baba. Kofia yake nyeusi ya felti aliitundika kwenye msumari wa mlangoni, wakakaa ndani tangu asubuhi hadi alasiri. Alipotaka kuondoka akaivaa, ikamkaa juu ya utosi kama kizibo cha chupa. Baba alicheka hadi akashika ukuta. Nawe, uliyekuwa na ulimi mkali kutushinda wote, ukasema sifa alizomwagiwa huko ndani zimemvimbisha kichwa. Mwalimu hakucheka. Wiki haikuisha, wazee wake wakaleta neno: kijana wao hataki mke wa kumbadilishia kofia kwa ya mtoto ili amfanye kichekesho mbele ya watu.

Ulilia ukiapa kwamba hukuigusa. Aliyeigusa ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sikuwahi kuona kofia nzuri vile. Niliibeba kimyakimya jikoni, nikaivaa, nikainama kujitazama kwenye beseni la vyombo, ikatumbukia humo kwenye mafuta na makombo. Kwa hofu nikachukua maji ya moto ya birika na sabuni, nikaisugua kama soksi, nikaikausha karibu na jiko na kuirudisha msumarini. Niliona imejikaza, nikadhani itatanuka ikikauka. Alipoivaa nilicheka kuliko wote. Miaka yote hii nimejiambia kwamba maji hayawezi kula kofia, na huenda wewe kweli uliibadilisha. Lakini kuficha nilificha. Ningesema tu kwamba niliiosha, mwenye akili mmoja angekosekana pale wa kuelewa?

Wiki tuliyomzika mama uliniambia ulimi wako ndio uliokukosesha nyumba yako. Nikakupa kikombe cha chai. Hukuchumbiwa tena. Ukalea watoto wa ndugu, wangu wakiwemo, na maneno ukawa unayapima kama dawa. Utani wote wa ukoo ukaniachia mimi, nami nikaula urithi usio wangu. Ulimi wako haukumfukuza mtu, dada. Ni mikono yangu hii inayoandika.

Sikuombi msamaha wa haraka. Mambo ya miaka hamsini hayafutwi kwa stempu moja. Kofia nimeirudisha kwenye boksi, haya inanizuia kuivaa.

Wasalimie majirani, hata yule asiyenipenda. Mwambie alikuwa sahihi. Wifi yako anakusalimu. Nilimsomea barua hii, na tangu hapo ananiita kwa jina langu kamili. Ukiona sistahili kujibiwa, nitaelewa. Ila ukijibu, nakuomba sana usinipimie maneno. Nitukane kama ulivyokuwa ukitutukana zamani, mpaka watu wa posta wacheke.

Ni mimi mdogo wako,
Kisogo