Taa nyekundu imerudi

Bintu, sikia. Jana taa nyekundu ya mafuta ya moteri, yaani injini, iliwaka katika gari letu la zamani, ile jeep. Leo asubuhi tuliliombea gari na kuimba, mume wangu Apollinaire akaliwasha, na taa ikazimika. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele!

Akaondoka kwenda Kamituga pamoja na binti yetu Carine.

Sasa hivi nimemsimulia fundi Mugisho muujiza huo. Hakucheka.

"Maman, moteri ilikuwa baridi. Mafuta ikiwa baridi iko nzito, presha inapanda, taa inazimika. Ikipata moto, inakuwa kama maji. Pompi ya mafuta imechoka. Asimame, ao moteri itakufa mu njia!"

Kama maji, Bintu. Na sisi tuliimba.

Nimempigia Apollinaire. "Ndiyo, taa imerudi," amesema, "lakini Bwana alishatujibu."

Nikapaza sauti: "Zima moteri!"

"Tuko nashuka mulima, Maman Carine. Nikizima hapa, breki itakataa kushika."

Nyuma yake nilimsikia Carine akiuliza: "Papa, ile kelele mu moteri iko nini?"

Laini ikakatika. Ninapiga, ninapiga tena, haipatikani.