Mwendo wa Mama Mbele Yangu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Hospitali Kuu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za wote walio chini ya paa hili. Habari za huko kwenye baridi? Presha yako imetulia, au bado unaificha chumvi nyuma ya sufuria Baba Mdogo asiione? Na yeye mgongo wake unaendeleaje? Ulisema ukifika wakati wa kupiga deki unamuuma, wakati wa mpira unapona. Sisi huku tunapumua. Watoto wazima, mke wangu mzima, anakusalimu sana na anasema bado una deni lake la maongezi.

Najua umeshtuka kupata barua ya karatasi wakati simu tunazo. Simu nimeshindwa. Kila nikikupigia, Mama huvuta kiti akae karibu yangu asikie sauti yako, na haya ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema akiwa pembeni. Halafu barua haina macho. Ungeniona ninavyoandika, ungenionea huruma, na sitaki huruma yako kabla hujasikia nilichofanya.

Nianze na ile video. Unaikumbuka. Mama anatembea katika ukumbi wetu wa vipimo, amebandikwa vitufe vinavyong'aa kuanzia kiunoni mpaka miguuni, mgongo umenyooka, kidevu juu. Chini yake nilikuandikia, "Tazama kazi ya mwanao." Ukanijibu kwamba sasa dada yako atakuacha nyuma mkitoka pamoja. Najua uliwaonyesha majirani wote, hata daktari wako. Naomba uifute, Mama Mdogo. Ule si mwendo wa Mama. Ni mwendo aliokuwa akinifanyia mimi.

Wewe hunitania kwamba nalipwa kwa kutazama watu wakitembea, na kwa kweli hujakosea sana. Mtu akishabadilishiwa goti, sisi ndio tunaopima goti hilo jipya linabebaje mwili. Sakafuni tumefukia vibao vinavyohisi uzito. Ukivikanyaga, kompyuta inatuambia mguu huu umebeba kiasi gani na ule kiasi gani. Kamera za ukutani nazo zinafuata vile vitufe, zinaona goti linavyokunjuka. Kwa hiyo mtu akiuonea mguu mmoja huruma, sisi tunajua hata kama mwenyewe hajui. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Utafiti wetu safari hii ulihusu mazoea. Mtu aliyeumwa na goti miaka mingi huzoea kuchechemea, na hata akipewa goti lisilouma, mwili huendelea kuchechemea kama punda aliyezoea njia. Hilo ni kweli, tumeliona kwa wengi. Tulitaka kujua kama mtu akikumbushwa nyumbani mara kwa mara, mazoea hayo yatamwacha. Mama alipofanyiwa upasuaji mwaka jana, mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza katika utafiti. Mkubwa wetu wa kazi, mama mmoja mpole wa sauti lakini hana mchezo, tunamwita Bi Mizani, aliniuliza kama ni busara kumpima mzazi wangu. Nikamjibu kwamba hakuna anayemjua Mama kuliko mimi. Nilimjibu hivyo bila kupepesa macho.

Basi nikawa askari wa nyumba. Mama akiinuka mezani, mimi huyo: Mama, kisigino kwanza. Akienda bafuni: Mama, acha ukuta. Akikaa kwenye cherehani yake na kuikanyaga kwa mguu mmoja tu, nilimwondoa pale nikamsimamisha afanye mazoezi mbele yangu. Unamjua dada yako, fundi wa nguo aliyetusomesha kwa sindano, mtu wa kusema na wateja watano kwa wakati mmoja. Alikuwa akinitii kama mtoto wa chekechea.

Mwanzoni alilalamika. Alisema linauma ndani, chini ya goti, mahali ambapo hapakuwa pakiuma zamani. Nami nikamjibu kwa ile sauti ya mtu aliyesoma kwamba hayo ni mazoea tu, mwili bado unakumbuka. Akarudia tena wiki nyingine, nikarudia jibu langu. Kisha akaacha kulalamika. Mama Mdogo, nilifurahi. Nilimwambia Bi Mizani kwamba njia yetu inafanya kazi.

Na kuna hili ambalo hata mke wangu nilichelewa kumwambia. Mtu anapopimwa tunampitisha ukumbini mara kadhaa, na mpito ukiharibika, tuseme mguu umekosa kibao, tunaufuta na kumpitisha tena. Ni jambo la kawaida katika kazi yetu. Siku ya kumpima Mama, mipito ya mwanzo alichechemea. Mguu ulikanyaga kibao katikati kabisa, hapakuwa na kosa lolote. Mimi nikasema huo umeharibika, nikaufuta. Nikamwambia, "Mama, tembea vizuri bwana, wenzangu wanakuangalia." Akapita tena, nikafuta tena, mpaka akatembea vile nilivyotaka. Huo ndio niliokutumia. Naapa sikuona kwamba nadanganya. Niliona namsaidia Mama aonekane alivyo.

Sasa usikie nilivyoumbuka. Mwezi uliopita umeme ulikatika kazini, tukaruhusiwa kuondoka mchana. Mke wangu alikuwa ametoka kununua mboga. Nikafungua lango kwa ufunguo wangu, nikavua viatu mlangoni, nikaingia. Mama alikuwa kwenye korido. Alikuwa ameinama juu ya kile kiti cha plastiki cha bluu, anakisukuma mbele, anakiegemea, anauburuta mguu, anapumzika, anakisukuma tena. Uso wake umejaa jasho. Nilisimama nikimtazama.

Aliponiona alikiachia kiti. Akajinyoosha, akafuta uso kwa kiganja, akanijia anatabasamu. Kisigino kwanza, Mama Mdogo. Mgongo umenyooka, kidevu juu. Akaniuliza mbona leo nimewahi, kama ninataka chai.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Miezi yote ile, mimi mpimaji wa mwendo, sikuwa nimewahi kuuona mwendo wa mama yangu mzazi.

Mke wangu aliporudi ndipo nikajua kwamba nyumba nzima ilikuwa inajua ila mimi. Unajua jioni nilikuwa nikifika langoni ananipokea kwa sauti kubwa, "Karibu mume wangu, pole na kazi!" mpaka majirani wanatuonea wivu. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe alikuwa anampa Mama nafasi ya kuficha kiti. Mama alikuwa amemlisha kiapo asiniambie. Nilitaka kumgombeza. Aliniambia alijaribu kunieleza mara mbili, nami nikamwambia asinifundishe kazi. Kweli nilimwambia hivyo.

Mama naye nikamuuliza kwa nini alinificha. Alinijibu taratibu, wala hakunilaumu. "Ningekwambia linauma, ungesema ni mazoea. Na ulikuwa una furaha, mwanangu. Nikaona nikuache nayo." Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii maradhi yalifichwa kwa ajili yangu, na aliyeumbuka ni mimi.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari aliyempasua. Picha zilitosha. Kile kipande cha chini cha goti la bandia, kinachokaa juu ya mfupa wa muundi, kimelegea. Hakijashikana na mfupa, na kila akikanyaga kinacheza na kuusaga. Daktari alinieleza akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu tunajuana. Alisema hutokea, si kosa la mgonjwa, wala pengine si kosa la mtu. Lakini kingejulikana mapema, kazi ingekuwa ndogo. Sasa itabidi watoe goti lote, waujaze mfupa uliolika, waweke jingine lenye shina refu. Wakichelewa tena, huenda pasiwe na mfupa wa kushikia, na Mama hatatembea. Yaani kila hatua nzuri aliyonipa ilikuwa inaula mguu wake.

Nilikwenda kwa Bi Mizani nikamweleza yote, pamoja na ile mipito niliyoifuta. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivua miwani akaiweka mezani, akasimamisha ripoti yetu, akaniagiza niwapigie simu wagonjwa wote wa utafiti niwaulize swali moja tu: goti linauma? Nimeshinda kwenye simu hizo. Wengi wanaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Lakini dereva mmoja mstaafu alicheka akaniambia, "Sasa ndiyo mnauliza? Mimi nilidhani mnataka kutuona tukipendeza." Nikamuuliza linauma wapi, akanitajia. Naye amepewa siku ya kupigwa picha.

Sasa nifike kwa Mama, maana yeye ndiye sababu ya barua hii. Alikataa kupasuliwa tena. Nilidhani anaogopa kisu. Kumbe alikuwa anahofia kazi yangu, kwamba watu watasema goti la mama wa mtaalamu limeharibika na mimi nitafukuzwa. Mama Mdogo, mtu analiwa mfupa na bado anapigania jina langu. Nilimsihi mpaka nikalia mbele yake, na nikalia vibaya, si kama mwanaume wa kwenye hadithi. Akaniambia ninyamaze, nitawashtua watoto.

Mwishowe alikubali angalau apimwe upya, kwa sababu kabla ya kupasua daktari alitaka kujua mguu mzuri umebebeshwa mzigo kiasi gani. Tukampeleka ukumbini Alhamisi iliyopita. Bi Mizani mwenyewe alimbandika vile vitufe, akamwambia atembee anavyotembea nyumbani, achechemee, ashike ukuta, vyovyote. Mama akaitikia. Nami nikamwambia, Mama, tafadhali, tembea vibaya. Sikujua kama siku moja nitamwomba hivyo.

Akatembea vizuri. Jasho linamtiririka shingoni, midomo ameibana, na bado kisigino kwanza. Akarudia, ikawa vilevile. Bi Mizani alimwita pembeni wakanong'ona. Kisha Mama akanitazama, kwa aibu kana kwamba mkosaji ni yeye, akasema, "Baba, hebu wewe toka nje. Ukiniangalia, mguu unajinyoosha wenyewe."

Nikatoka. Nilisimama ukutani nje ya mlango wa maabara yangu, wauguzi wananipita na kunisalimia. Nikasikia hatua zake ndani. Mguu mmoja unapiga sakafu, mwingine unaburutwa. Halafu nikamsikia akiugua, sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe, hata siku tulipomzika Baba. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipita mara nyingi, na kila mpito ulihifadhiwa.

Alipotoka humo ndani alikubali kupasuliwa, Mama Mdogo. Ni mwanzoni mwa mwezi wa nane. Lakini ameweka sharti moja, na ndilo lililonikalisha niandike. Hataki niwe mimi wa kumuuguza. Alinieleza akiwa amenishika mkono, nisije nikafikiri amenikasirikia. Alisema nikiwa chumbani hawezi kuumwa, na safari hii daktari amemwambia aumwe bila kuficha, ili akisikia maumivu mapya aseme siku hiyohiyo. Anakutaka wewe. Alisema, "Mbele ya mdogo wangu naweza kulia."

Kwa hiyo nakuomba uje. Najua ni mbali na najua una nyumba yako. Mimi nimeshaomba kulala kwa rafiki yangu wa kazini kwa zile wiki za mwanzo. Chumba changu kitakuwa chako, kiko karibu na cha Mama, utamsikia akiita. Mke wangu atakusaidia kwa kila kitu, na yeye Mama anamwamini kuliko mimi, kwa haki kabisa. Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote, na sasa msaada mkubwa ninaoweza kumpa ni kuondoka ili apate kulia. Njoo, Mama Mdogo, umsikilize dada yako.

Nisalimie sana Baba Mdogo, umwambie nitamrudisha mke wake salama. Nisalimie mapacha na shemeji yangu huko, na yule mjukuu mpya ambaye bado sijamwona. Mama anakusalimu siku zote, ingawa hajui kwamba sasa ninakuandikia. Anadhani naandika ripoti. Mungu akufungulie njia, akulinde safarini, akufikishe hapa ukiwa na nguvu zako zote.

Ni mimi ninayekupenda na kukungoja, uso nikiwa nimeuinamisha,

Mtoto wa dada yako.