Mjomba, Segese Wameniajiri na Mdomo Wangu

Mjomba Shija,

Nimepata kazi. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na barua inayozungukazunguka. Ukisomewa barua ulikuwa unasema, "Ruka salamu. Nani kafa, nani kaoa?"

Sikiliza nilivyoipata, maana mkono wako umo.

Gazeti nililoliandikia makala lilifungwa muda mfupi baada ya kukuzika. Miaka yote ile ya kugombana na madiwani, wachungaji na wasomi wa mjini, na ghafla sina pa kugombania. Nikabaki nyumbani Ngokolo nabishana na redio, hadi mwanangu Doto akaniambia, "Mama, tafuta kazi. Redio haikujibu."

Nikaenda kwenye usaili, ofisi moja hapa Shinyanga mjini iliyotaka mwandishi. Wakasema, "Tueleze habari zako." Mjomba, unajua tulivyolelewa. Mtu hajisifu, hata kwenye posa, mshenga ndiye anayekusemea. Nikajibu, "Waulizeni walionisoma." Kijana mwenye tai akanishukuru kwa kufika. Akachukuliwa mwingine. Nilitoka nimevimba, nikitunga kichwani makala ya kuwachana wote, kisha nikakumbuka sina gazeti la kuitoa. Nikacheka peke yangu barabarani.

Ndipo nikakukumbuka.

Ulikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na ngoma zikishindana baada ya mavuno, watu walihama upande wa wapinzani kuja kukusikiliza. Nilidhani ni sauti. Mara moja ulinichukua siku ya kuamkia mashindano, ukakaa sokoni kwa wenyeji wetu unakunywa togwa kama msafiri tu, unawauliza wanawake maji wanachota wapi. Kesho yake uliwaimbia kisima chao kilichokauka na mkubwa wao aliyejichimbia cha kwake. Walikuja upande wetu wakikimbia. Ukaniambia, "Mpwa wangu, manju hajisifu. Waambie watu habari zao, watakusifu wenyewe."

Basi nikasikia kwamba chama cha wachimbaji wadogo Segese kinatafuta mwandishi wa jarida lao. Nikatangulia siku moja. Nikakaa kwa mamantilie, jirani na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, nikaagiza ugali na dagaa. Mchimbaji mmoja akavitazama viatu vyangu. "Mama mwalimu, umepotea shule?"

"Namtafuta mwanafunzi mtoro," nikamwambia. "Ana sura kama yako."

Benchi zima likacheka, na kuanzia hapo wakanimwagia yote. Kilichowauma zaidi ni zebaki. Dhahabu inachomwa nayo pale pale karibu na jiko, moshi unaingia kwenye sufuria za chakula, na mwenye sehemu ya kuchomea ni mwenyekiti wa chama mwenyewe, Mama Mabula. Nikauliza jarida limesema nini. "Jarida?" akasema yule yule wa viatu. "Lile la picha za semina?"

Asubuhi iliyofuata, kwenye usaili, Mama Mabula alikuwa amekaa katikati ya wasaili wenzake. "Walioomba ni wengi," akasema. "Kwa nini tukuchukue wewe?"

Niliitaka kazi ile, Mjomba. Na kunyamaza kulikuwa rahisi sana.

"Kwa sababu jarida lenu linawaandikia wageni wa semina," nikasema. "Wanachama wenu wanakula moshi wa zebaki, na hamna mstari hata mmoja."

"Unajua pale ni pa nani?"

"Najua, mama."

"Na tukikuajiri utayaandika hayo?"

"Toleo la kwanza."

Mzee aliyekuwa kulia kwake alikohoa kuficha kicheko. "Wenzako wote leo wamelisifu jarida," Mama Mabula akasema. "Mimi mwenyewe silisomi. Anza Jumatatu."

Sasa kila nikirudi nyumbani, vijana wa hapa mjini wanaotaka kazi za uandishi wananijia kuuliza siri ya usaili. Nawaambia waache kukariri majibu ya mtandaoni. Mwajiri ameshayasikia kwa kumi waliotangulia. Wakawasikilize kwanza watakaoandikiwa. Wabebe kazi mbili tatu walizoandika vizuri, wasimwage gunia zima mezani. Mshahara waulize bila kuinamisha kichwa, mwandishi naye anakula. Na wasimseme vibaya mwajiri wa zamani. Hilo la mwisho nawafundisha tu, mimi bado linanishinda.

Makala ya zebaki imekamilika. Mama Mabula alitaka aisome kabla haijachapwa, nikamwambia ataisoma siku watakayoisoma wapishi. Amenuna tangu juzi, hata shikamoo yangu anaiitikia akiangalia ukuta. Lakini jana nimesikia ameita mafundi wapime pa kuhamishia uchomaji, mbali na majiko. Sijaandika hilo. Nasubiri kuona kwa macho.

Pumzika, Mjomba, nisikuchoshe zaidi; ulipenda barua fupi. Nakuahidi makala haitapungua mstari, anune asinune. Na akihamisha kweli, nitamsifu kwenye ukurasa ule ule, kwa sauti ile ile. Wewe unanijua. Kumsifu huko ndiko kutakakoniuma.

Mpwa wako,
Mama Doto