Kishungi cha Khaopun

Chiang Mai,
wiki moja baada ya Songkran

Kwako Dada Phikun mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla ya lolote pokea hili: Khaopun yu hai, anakula, na homa imeshuka. Nimeliweka juu kabisa kwa sababu najua ungeruka mistari kulitafuta. Sasa nakuomba usome polepole. Wewe hujambo? Mkono uliokuwa ukifa ganzi kule kiwandani umepata nafuu? Mama anasema umehamishiwa zamu ya mchana na kwamba huko Taichung asubuhi bado kuna ubaridi, nikaona wivu. Huku maji ya bomba yanatoka moto, na moshi wa mashamba yanayochomwa haujaondoka milimani. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na mwandiko huu utakuonyesha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali tunaonana kwenye simu kila Jumapili. Jumapili iliyopita nilikuambia kamera imeharibika. Haikuharibika. Niliogopa uuone uso wangu.

Mama amekwisha kukusimulia kwamba nilimchukua mwanao likizo hii aje kukaa nami, akaugua, na madaktari wakamkata kile kishungi cha nywele utosini ili kumwokoa. Naomba nikusimulie upya, jinsi nionavyo mimi.

Tulipanda treni Ayutthaya asubuhi, behewa la feni, kwani yale yenye kiyoyozi yalikwisha jaa watu wanaorudi kwao kwa sikukuu. Ilikuwa Jumatano. Mama alikuwa amemwogesha, akakisokota kishungi kikiwa bado kibichi, akakichoma pini na kukizungushia shada la asmini. Alinionya nisikifungue. Mwaka ujao akitimiza miaka tisa, alisema, mama yake atarudi, watawa wataalikwa, kitakatwa kwa heshima zake; hadi siku hiyo, hicho ndicho kinachomshikilia duniani. Nilimwitikia kwa adabu, lakini unajua ninavyolifikiria jambo hilo. Nilikuwapo siku ulipompangia mkekani vile vinyago vya udongo, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, achague mwenyewe nywele za kumkinga na maradhi, naye, mifupa mitupu kwa maradhi, akatambaa na kukishika chenye kishungi. Wewe ulilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nikikadiria moyoni uwezekano wa kukishika hicho na si kingine. Tangu hapo homa zilimwacha, na kishungi kikapewa sifa yote.

Lopburi alipanda mwanamke mnene aitwaye Chamoi, msusi, akaketi mbele yetu na kapu la malimau yale yenye ngozi ya makunyanzi, yamekwisha chomwa, ya kuwaoshea nywele ndugu zake wa Uttaradit. Hakuniuliza jina. Aliniuliza ni adui gani aliyenitendea nywele zile. Nilipomwambia kwamba nafundisha takwimu chuo kikuu, alisema basi nizihesabu zilizobaki kabla hatujafika. Mwalimu mzima, akaendelea, unaziosha kwa sabuni ya vyombo? Behewa zima lilicheka, nami nikacheka. Akanipa somo: kiangazi nywele zioshwe kwa maji ya limau la kuchoma, zisuuzwe, ziachwe zipigwe na upepo, na kamwe zisifungwe mbichi, kwa maana kichwa kilichofungwa kibichi katika joto hili ni kama wali uliofunikwa ungali moto. Kinachacha.

Akiwa katika kusema hayo alimwona Khaopun akijikuna. Aliunganisha viganja, akakiomba radhi kichwa cha mtoto kabla ya kukigusa, akatoa mkasi na kukata uzi wa shada uliokuwa umenasa. Kisha alinusa. Mzaha ukamwisha. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba harufu ile haikumpendeza.

Nitarudi kwenye behewa hilo. Acha kwanza nikuambie ya hospitali.

Siku iliyofuata kuwasili kwetu, mji mzima ukimwagiana maji ya Songkran kuukaribisha mwaka, Khaopun alikataa kutoka nje. Shingo ilikuwa imevimba, jicho moja halifunguki, mwili unawaka. Nilipata gari, nalo likakwama katikati ya watu waliokuwa wakicheza. Mzee mmoja, kwa upendo kabisa, alipenyeza bakuli dirishani akammwagia mtoto maji begani na kumtakia umri mrefu. Khaopun alitetemeka mikononi mwangu, meno yakigongana, akaniuliza kama anakufa. Nikasema hapana. Sikuwa na msingi wowote wa kusema hapana.

Daktari, binti mdogo kwangu, alieleza kwamba usaha umejikusanya chini ya ngozi ya utosi, na kwamba hofu yao ni usije ukafika kwenye mfupa. Wakanyoa kilichobaki, wakapasua, wakamtundikia dripu. Sijawahi kuogopa namna ile, dada. Nilishuka uani nikapiga magoti mbele ya kibanda cha mizimu cha hospitali, mimi huyu ninayewafundisha watu kwamba jambo kutangulia jingine si ushahidi kwamba limelisababisha. Sijui niliyekuwa nikimwomba. Mama alipopiga simu nilimwambia nywele zimekatwa. Akauliza, ni madaktari? Nikanyamaza. Akalia, kisha akasema ikiwa ni kuokoa roho, mikono yao na ibarikiwe. Daktari naye alinisifu kwa kumwahisha mtoto. Sifa hizo nimezibeba siku zote hizi kama mzigo wa mtu mwingine.

Hawakukikata madaktari. Nilikikata mimi, kwenye treni.

Nilimwomba Chamoi akikate, naye akaurudisha mkono kama aliyeungua. Leo Jumatano, siku ambayo nywele hazikatwi, mwalimu, alisema, sikati hata mkia wa punda. Sembuse kishungi cha mtoto ambaye mama yake yuko hai na hayupo hapa kushuhudia. Akanishauri nikifungue tu, nikikaushe, nikifika nimpeleke akatazamwe. Ulikuwa ushauri mzuri. Lakini mtoto alikuwa akilia kwa mwasho, joto lilikuwa limenishinda, na nadhani nilikuwa na hamu ya kumthibitishia Mama jambo fulani. Chamoi alipokwenda msalani, niliuchukua mkasi juu ya kapu.

Daktari anaamini kwamba mtu aliona kidonda, ndipo akakata. Mpangilio haukuwa huo. Nilikata kwanza, kidonda nilikiona baadaye. Pengine nisingekata tusingekiona hadi muda upite. Pengine ncha ya mkasi ndiyo iliyokifungulia njia. Ameniambia usaha ulikuwapo kwa siku nyingi, lakini sikumweleza habari za ncha ya mkasi, kwa hiyo jibu lake ni la swali pungufu. Chamoi aliporudi hakunifokea. Alihamia kiti kingine. Aliposhuka Uttaradit nilimkimbilia mlangoni nimrudishie mkasi wake; akautazama, akasema, “Baki nao, mwalimu.” Upo hapa mezani ninapoandika.

Nayo hayo si mazito kuliko hili. Kabla sijakata, Khaopun alikishika kishungi kwa mikono miwili, akasema nisikate, hiki ni cha mama. Nilidhani ni maneno ya bibi yake, ile hofu ya mizimu. Nilimfungua vidole, kimoja kimoja.

Juzi homa iliposhuka alijipapasa bandeji, akaniuliza: “Mama mdogo, sasa mama atakuja kufanya nini?”

Ndipo nilipoelewa, kama nimeelewa, alichokuwa akikiogopa kwenye treni. Hakuwa akiogopa kufa. Miaka yote hii tumemwambia kwamba utarudi siku ya kukatwa kishungi, na mimi nimekikata.

Jibu la swali hilo ni lako, si langu. Kishungi nimekiosha kwa maji ya limau, nikakikausha kwa upepo, nikakifunga kwenye kitambaa cheupe. Ni chako, pamoja na neno lolote utakalotaka kuniambia. Mama nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso, nakusihi usinitangulie. Pembeni ya bandeji nywele zimeanza kuota, laini mno, na kila asubuhi ananitaka nizipapase na kumwambia kama zimekuwa ndefu kiasi cha kukuita.

Jumapili barua hii itakapokuwa imekufikia, nitawasha kamera. Msamaha wangu unaweza kusubiri. Kabla hujasema nami neno lolote, mwambie yeye kwanza kwamba utakuja.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Jifunike vizuri asubuhi, na huo mkono usiufiche kwa msimamizi. Khaopun anakusalimu; hajui kwamba ninaandika.

Ni mimi mdogo wako,
Lamduan