Ubao wa Bi Mwajuma na Sensa Inayosingizia

Jumamosi, mwezi wa nane. Ujiji.

Jua kali, upepo hakuna, na moshi wa mashamba yanayochomwa huko juu umelifunika ziwa hata milima ya Kongo haionekani. Kichwa changu nacho kiko hivyo hivyo.

Naandika ili nielewe, maana wiki nzima sielewi.

Kwenye chumba changu cha uani kuna mashine ya kuchonga mbao. Niliiunda mwenyewe wakati wa likizo, kipande kwa kipande. Ina meza ya chuma, reli za kushoto-kulia na za mbele-nyuma, mota inayozungusha kisu, na kompyuta kuukuu inayokiambia kisu kiende wapi. Kila mwisho wa reli kuna sensa, kidude kisichozidi kidole gumba. Kazi yake ni moja: kisu kikifika ukingoni, iseme, na mashine isimame. Nilipomweleza jirani yangu Bi Mwajuma alicheka sana. "Sensa? Si ile ya kuhesabu watu?"

Bi Mwajuma tunagusana naye ukuta kwa ukuta, na uani ni mmoja. Nilipohamishiwa huku kutoka Njombe kuja kufundisha fizikia, sikumjua mtu hata mmoja. Yeye ndiye aliyenionyesha tofauti ya samaki wa migebuka waliolala na waliovuliwa leo, na ndiye aliyenilisha uji kwa kijiko nilipoanguka na malaria. Mwezi uliopita alifiwa na mumewe, Mzee Salum, fundi wa maboti pale Kibirizi.

Mzee aliacha ubao mmoja wa mninga. Aliuhifadhi chini ya kitanda miaka mingi, kila mwaka akisema ni wa mlangoni, kila mwaka akienda kuwatengenezea watu wengine maboti. Bi Mwajuma aliniletea ubao ule ukiwa umefungwa kwenye kanga. Alitaka niuchonge maneno ambayo Mzee alimjibu kila aliyepiga hodi: "Ingia, chakula kipo." Utundikwe juu ya mlango kabla ya arobaini, watoto wao wakija kutoka Dar na Bujumbura waukute.

Arobaini ni Ijumaa ijayo. Ubao ni huo mmoja.

Nilifanya majaribio kwenye vipande vya msonobari, vyote vikatoka safi. Jumapili iliyopita nikauweka mninga mezani. Bi Mwajuma alikuwa ameondoka siku moja kabla, kwenda Kidahwe kumuuguza dada yake asiye na mtu mwingine, ingawa eda yake haijaisha. Nikajisemea vizuri, akirudi atakuta kazi imekwisha.

"Ingia" likachongwa lote. Katikati ya "chakula" mashine ikasimama ghafla. Kompyuta ikaandika kwamba sensa ya kushoto imeguswa. Nikatazama. Kisu kiko katikati ya meza. Kushoto hakuna kitu, hata nzi.

Nikaiwasha upya. Ikaenda kidogo, ikasimama. Imeguswa.

Mara ya tatu nikaiamuru irudi mwanzo wa reli, ijipime upya ndipo iendelee. Njiani, kabla haijafika, sensa ikasema tena imeguswa. Mashine ikaamini kwamba imefika. Nami, kwa haraka zangu, sikuangalia. Nikabonyeza iendelee. Kisu kikashuka mahali kisipostahili na kupasua mfuo kukatiza "chakula", urefu wa kidole cha kati.

Nilizima kila kitu. Nikaufunika ubao kwa gazeti kama mtu anayefunika maiti.

Jumatatu nilisafisha sensa kwa brashi, nikidhani ni unga wa mbao. Ikasema imeguswa. Jumanne nikaihamisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, nijue kama ni mbovu. Ikaacha kulalamika ya kushoto, ikaanza ya mbele, ambayo sikuigusa kabisa! Jumatano nikatenganisha nyaya za sensa na za mota, nikazifunga mbali mbali. Mashine ikatulia, nikapiga kigelegele cha peke yangu, na kabla sijamaliza ikasema imeguswa.

Jumatano hiyo hiyo jioni Bi Mwajuma akarudi.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ubao umefikia wapi?"

"Bado sijaanza," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka tu, laini, kama nimelifanyia mazoezi.

Alhamisi nilipotoka kazini nikaiwasha mashine bila kisu, izunguke hewani tu. Ikaenda saa nzima bila kosa. Sikuwa nimegusa chochote tangu jana yake. Kitu kikiharibika unatafuta sababu. Kikipona chenyewe unatafuta nini? Jana asubuhi ikasingizia mara moja. Jana alasiri ikawa nzima. Leo asubuhi ikasingizia mara nne mfululizo, nikakaa chini sakafuni nikataka kulia.

Ndipo nikampigia Fundi Ezekieli wa Mwandiga, aliyetandaza umeme kwenye nyumba hii. Nilikuwa sitaki kumpigia. Mwalimu wa fizikia kumpigia fundi umeme, niliona haya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nyaya za sensa umezitenga na za mota?"

"Nimezitenga."

"Ethi yako je, ile ya kupeleka umeme ardhini?"

"Ethi ipo. Si ile nondo uliyoichimbia mwenyewe nyuma, pale Bi Mwajuma anapomwaga maji ya dagaa?"

"Anamwaga kila siku?"

"Kila siku. Ila alikuwa Kidahwe..."

"Eee, mwalimu. Kiangazi hiki udongo umekuwa jivu. Nondo iliyosimama kwenye udongo mkavu haipeleki kitu chini. Ile fujo ya umeme wa mota inakosa pa kushukia, inaingia kwenye nyaya za sensa, na sensa inadhani imeguswa. Kamwage maji, halafu unipigie."

Niliiacha mashine ikizunguka bila kisu, nikatoka na ndoo mbili. Nikamkuta Bi Mwajuma ameinama na beseni lake, ananitazama ninavyomwagilia ukuta.

"Mwalimu, unapanda nini hapo?"

Nikamweleza habari ya ethi, ya maji yake, na kwamba alipokuwa Kidahwe mashine iliugua. Nilieleza kwa furaha, kwa mikono, kama niko darasani. Nilieleza kila kitu isipokuwa ubao.

Akaliweka beseni chini.

"Na ubao wangu ulikuwa mezani wakati huo?"

Niliinama nikaokota ndoo yangu.

"Nimeuona tangu juzi," akasema. "Nilikuwa namwaga maji hapa, gazeti limeanguka, dirisha liko wazi. Nimeona 'Ingia' na nimeona ule mpasuko. Nikasema mwalimu ataniambia. Juzi ukanipa shikamoo. Jana ukanipa shikamoo. Leo pia."

"Nisamehe, Bi. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mume wangu nimemzika, mwanangu. Ubao utanifanya nini?"

Kisha akaingia kwake na kufunga mlango. Nilibaki pale na ndoo tupu. Mashine ilikuwa inazunguka hewani ndani, haina kosa hata moja, na sikuona raha yoyote.

Baada ya adhuhuri akatoka. Hakupiga hodi, akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mashine na kuushika ubao. Akaupitisha kidole kwenye mfuo, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaugeuza.

Upande wa pili una alama za penseli za Mzee Salum, namba na mistari ya vipimo. Ndiyo sababu mimi sikutaka kuugusa upande ule.

"Maneno yakichongwa huku, hizi zitafutika?"

"Nyingine zitafutika. Zile za pembeni zitabaki."

Akazitazama muda mrefu, midomo inacheza kama anazisoma. Ghafla akacheka. "Hapa alikosea hesabu. Tazama, kaandika, kakata, kaandika tena." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Chonga. Lakini na mimi niwepo."

Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nikamwaga ndoo nyingine mbili kwenye ethi, nikairudisha mashine mwanzo wa reli, na safari hii nikapima kwa rula kabla ya kubonyeza chochote. Kisu kikashuka.

Kikafika kwenye "chakula". Kikapita. Baada ya "chakula" kikanyanyuka na kutulia hewani, Bi Mwajuma akaning'ang'ania mkono, nikamwambia kinahama neno tu, na kweli kikahama, kikashuka, kikachonga "kipo" hadi nukta.

Bi Mwajuma alipuliza unga wa mbao mwenyewe, kwa mdomo, herufi kwa herufi. Kisha akauweka ubao kichwani na kwenda nao kwake. Nilitaka kumsaidia, akakataa.

Sasa nimekaa barazani. Fundi Ezekieli atakuja wiki ijayo kuchimbia nondo ndefu zaidi, ifike kwenye udongo wenye unyevu. Bado kuna jambo linanitatiza: jana na leo asubuhi udongo ulikuwa bado una maji ya dagaa ya Bi, mbona ilisingizia? Nilimuuliza fundi, naye akasema hajui. Huenda kuna waya mwingine uliolegea. Huenda maji ni nusu tu ya jibu. Kesho sitaiwasha. Nitafua, nitafagia kile chumba, na Bi Mwajuma ameniomba niende kumsaidia kuchagua mchele wa arobaini. Kwa hiyo bado ananihitaji. Nimelisoma ombi lake mara nyingi kichwani, kama barua.

Ila kuna swali moja ambalo halina nondo wala ndoo ya maji. Kama lile gazeti lisingeanguka, ningemwambia siku gani?

Nimejaribu kuitaja siku. Sijaipata.