Jibu la Mama kwa Daktari

S.L.P. 112,
Mkuu – Rombo,
Kilimanjaro.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Mama Mdogo Bernadetha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama huko Sumbawanga, wewe na baba mdogo Valerian na mdogo wangu Ndelilio. Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona? Mama huuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, lakini akipiga simu anasahau kukuuliza mwenyewe.

Sisi kwa mwili hatujambo. Goti la baba linamsumbua akishuka mteremko, akipanda halisemi kitu. Violet na Beatrice wako shule. Jua ni kali, majani ya ng'ombe yamekwisha huku juu, kwa hiyo mimi na mama tunashuka hadi kule chini kwenye mashamba ya mahindi kutafuta mabua. Matokeo yangu umeyasikia, ni daraja la pili. Nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ni ya mama na inakaa mfukoni mwake. Hata ningeipata, unanijua, ningekaa kimya mpaka salio liishe.

Mama Mdogo, mama anataka kufungua kizazi.

Najua wewe ndiye uliyekuwa naye alipofunga, siku Wense alipozaliwa. Sasa Wense ana mwaka mmoja na miezi minne kaburini, pale kwenye migomba nyuma ya jiko. Mama hupalilia pale kila Jumamosi, hata pasipo na jani lolote la kung'oa. Tangu siku ya mazishi hajapokea Komunyo. Wenzake wakisimama kwenda mbele, yeye anabaki kwenye benchi na kuwapisha magoti. Nilimuuliza mara moja tu. Aliniambia, "Nilimfungia Mungu mlango, naye akanichukulia yule aliyekuwa ndani."

Halafu ikaja Desemba. Safari hii hamkuweza kuja, kwa hiyo hukuona. Ukoo wote ulikuwa nyumbani na maneno yakawa ya kihamba, shamba letu la urithi: nani atakaa na wazee, maana mtoto wa kiume wa mwisho ndiye wa kukaa, na wetu hayupo. Baba mkubwa alisema wanawe wapo. Kesho yake asubuhi Bibi Mektrida alikuja jikoni kwa mkwewe ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

"Mama Dominika," akasema, "sina nguvu ya kukulazimisha. Nakuomba. Niachie mtoto mmoja wa kiume kabla sijafa."

Mama alifuta mikono kwenye khanga akalipokea. Unajua mwenyewe kwamba kwetu aliyeletewa isale hakatai. Lakini mimi nilikuwa namenya ndizi palepale na nikawaza kwamba isale ni la kuomba msamaha, na hapa hakuna aliyekosa. Sikusema. Bibi aliniona namtazama. "Huyu amesoma miaka kumi na moja kujifunza kunyamaza," akasema, na wote wawili wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akicheka baada ya siku nyingi, kwa hiyo nami nikacheka.

Jumanne ya wiki iliyopita tulikwenda Moshi hospitalini, mimi na mama. Baba alitoa nauli. Nilipomuuliza kama anataka mama afanyiwe upasuaji, alijibu, "Mimi sijamwambia mtu azae." Ni kweli hajamwambia. Ila hajamwambia asizae pia.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu mzima, mpole. Alitueleza taratibu. Alisema mirija inaweza kuunganishwa, lakini inategemea ilifungwaje na imebaki kiasi gani, na miaka thelathini na minane ya mama nayo inahesabiwa. Alisema hata ikiungana vizuri hakuna ahadi ya mimba, na mimba yenyewe inaweza kutunga ndani ya mrija na kuleta hatari. Kwanza kuna picha ya kupiga, na baba naye atapimwa. Mama aliitikia kila neno kwa kichwa.

Kisha daktari akauliza, "Umejifungua kwa kupasuliwa mara ngapi?"

Mama akasema, "Mara moja. Yule wa mwisho."

Mama Mdogo, mimi ndiye mtoto pekee wa mama aliyezaliwa kwa njia ya kawaida. Kwa Violet alipasuliwa, kwa Beatrice alipasuliwa, kwa Wense alipasuliwa. Ila walipita palepale kila mara, kwa hiyo mshono ni mmoja. Daktari alipoutazama hakuona sababu ya kumtilia shaka. Aliniangalia akatabasamu. "Na wewe binti, ndiye msemaji wa familia? Una swali?" Niliangalia viatu vyangu. Nikasema sina.

Kuna jambo zaidi. Mwezi wa kwanza nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa kwenye sanduku la mama, nikakuta karatasi aliyopewa akiruhusiwa baada ya kumzaa Wense. Imeandikwa kwa Kiingereza, nikakaa nayo na kamusi. Imeandikwa kwamba ukuta wa mji wa mimba umekuwa mwembamba sana kwenye makovu, na kwamba mama ameshauriwa asibebe tena. Niliirudisha nilipoikuta. Siku ya kwenda Moshi daktari aliomba karatasi za zamani, mama akasema zililowa mvua.

Bibi hajui habari ya karatasi hiyo. Yeye anafikiri mama alifunga kwa sababu alichoka kuzaa. Baba naye sidhani kama anajua yote. Wewe unajua, kwa sababu ulikuwepo. Nakuomba uniambie daktari wa siku ile alisema nini hasa, na mama alikubali kwa hiari au kwa kuogopa.

Siogopi kupata mdogo mwingine. Ningempenda. Naogopa kubaki na wadogo zangu wawili na makaburi mawili kwenye migomba, na mimi ndiye niliyesema sina swali.

Jumatano, 12 Februari

Sikuipeleka barua posta. Nilikuwa nimeshaikunja, nikaona siyo haki wewe ulijue jambo hili huko mbali kabla ya kumwambia mwenye nalo hapa nyumbani.

Jana tulikuwa kule chini tunafunga mabua. Nilimsubiri anipe mgongo, maana uso wake singeuweza. Nikasema, "Mama, ni mara tatu."

Aliendelea kuvuta kamba. "Mara tatu nini?"

"Ulizopasuliwa. Na karatasi haikulowa, niliisoma."

Alikaza fundo, akaketi juu ya mzigo wake. Nilidhani atanifokea kwa kufungua sanduku. Badala yake akauliza, "Tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Na hospitalini ulikaa unajua."

"Ndiyo, mama."

"Basi tulidanganya wawili," akasema.

Nilianza kulia. Yeye hakulia. Alisema ameshapokea isale na hawezi kurudi kwa bibi na mikono mitupu. Nikamuuliza kama bibi alijua anachoomba. Akasema hajui, na hakuna haja ya kumtisha mzee. Nikamwambia, "Kwa hiyo bibi hajakuomba hicho unachotaka kumpa." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Hata mama alinitazama kama mtoto wa jirani.

Baadaye akasema jambo ambalo sikulitegemea, kwamba siku ile wewe ulimuuliza mara mbili kabla hajaweka sahihi, naye mara zote mbili alikubali, tena alikubali kwa furaha, kwa sababu alitaka kuwaona watoto wanne wakikua. Na kwamba furaha ile ndiyo inayomchoma sasa. Hiyo ndiyo sababu nakuhitaji, Mama Mdogo. Mimi nikimwambia halikuwa kosa, ni mtoto anayesema. Wewe uliona uso wake siku ile. Mpigie, au umwandikie, umkumbushe ulichokiona.

Sitakudanganya kwamba ameacha nia. Tulipojitwika mizigo aliniuliza, "Daktari akijua yote, na bado akasema inawezekana, utaninyamazia?" Nikasema nitanyamaza. Akasema, "Na akisema haiwezekani, nitajaribu kunyamaza mimi." Alisema nitajaribu, hakuahidi.

Tarehe ya kurudi Moshi ni Alhamisi, Machi 6, siku inayofuata Jumatano ya Majivu. Safari hii baba atakuja pia. Mama alimwambia jana jioni kwamba kuna karatasi inabidi aisome, akamsomea mimi nikitafsiri. Baba aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie ule mstari wa asibebe tena. Nikarudia. Akatoka kwenda kwa bibi bila kofia, na hajatuambia walizungumza nini.

Naomba unisalimie sana baba mdogo, na Ndelilio mwambie kitabu alichoniazima nimekitunza. Violet na Beatrice wanakuamkia. Bibi naye anakusalimu, aliniambia nisisahau kuandika. Mungu akuepushe na kifua hicho, akulinde wewe na nyumba yako, na akumbuke na yetu.

Mama anasema mbele ya daktari hataweza kulitamka mwenyewe, amenipa mimi kazi hiyo. Basi leo asubuhi niliposhuka kutafuta mabua, kule ambako hakuna mtu, nilisimama na kusema kwa sauti: "Daktari, ni mara tatu." Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya tatu mwanamke aliyekuwa shamba la pili aligeuka kunitazama.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye siku zote,

Dominika