Kilomita Mia Moja na Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejiandikisha. Basi! Fomu imekwenda na sahihi yangu iko pale chini, hakuna kurudi nyuma. Kuogelea ziwani karibu kilomita mbili, baiskeli tisini, halafu mbio ishirini na moja. Yote siku moja, ndani ya saa nane na nusu. Ukizidisha hata dakika, humo kwenye orodha.

Aliyenitia hili kichwani ni Mzee Posta. Alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini, sasa amestaafu na hana wa kumsumbua ila mimi. Ndiye kocha wangu.

Kazini niliwaambia saa ya chai. Kicheko! Msimamizi wetu, tunayemwita Futi maana futi haimtoki shingoni, akasema mimi nimekanyaga cherehani miaka kumi na tano na sijafika popote. Hata mimi nilicheka. Kisha nikarudi kwenye kola. Sare za shule mia nne ziko mezani na kola zote ni zangu.

Kidosho sijamwambia. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na hasahau kitu.

Alhamisi, 14 Agosti

Kidosho kaiona nakala ya fomu. Nani kanituma niifiche kwenye droo ya nyuzi, naye ndiye anayenitungia sindano!

Hakulia. Afadhali angelia. Aliuliza tu, ziwa lile lile? Nikasema ndiyo. Akaenda kukunja nguo zake ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Niandike hapa. Mwaka jana, mbio zile fupi, hofu ilinikamata katikati ya maji. Nikameza maji, mikono ikagoma, boti ya uokoaji ikanitoa. Kidosho alikuwa amesimama ufukweni na taulo langu. Nikamwambia, mama alichoka kidogo tu, mwanangu. Wiki haikuisha, akamsikia Mzee Posta akimsimulia baba yake jinsi nilivyoponea chupuchupu. Tangu siku hiyo nikisema nitarudi saa kumi, anatazama saa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata wiki.

Amesema haji kunitazama. Nimekubali. Lakini nataka aje. Nataka anione nikitoka majini kwa miguu yangu, basi, mengine ni ziada.

Jumamosi, 30 Agosti

Kilomita sabini leo. Pancha mbili! Ya kwanza nilihangaika nayo nusu saa, Mzee Posta amekaa kwenye jiwe anakula ndizi, hanigusii hata pampu. Siku ya mbio hayupo wa kukusaidia, anasema. Ya pili dakika kumi na moja. Akatikisa kichwa, eti barua zingeoza.

Nimerudi nyumbani nimekauka. Baba Kidosho — fundi bomba, mikono kama spana — alikuwa amemsuka mtoto mwenyewe ili mimi nisiharakishe. Mistari imekwenda kama njia za panya! Mtoto kashinda na kofia ndani ya nyumba. Nilicheka hadi mbavu zikauma, kisha nikaona haya. Hizi mbio nazikimbia mimi, lakini zinamla kila mtu humu ndani.

Jumanne, 16 Septemba

Bwawani kabla ya kazi. Kilomita mbili bila kusimama!!

Hofu ilikuja mzunguko wa ishirini, kama kawaida yake. Sikupigana nayo. Nilihesabu mikono kama ninavyohesabu vifungo, sita, pumua, sita, pumua. Ikachoka kabla yangu.

Jioni ninamenya viazi, Kidosho akauliza bila kunitazama: "Uliogopa?"

Jibu la hapana lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Ndiyo. Mzunguko wa ishirini."

"Halafu?"

"Halafu nikaogelea wa ishirini na moja."

Akachukua kisu kingine, akamenya na mimi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamenya viazi vya watu kumi.

Jumatano, 1 Oktoba

Goti la kulia. Futi kanihamishia meza ya kukata, nisikanyage cherehani. Anasema si huruma, anaogopa tu nikiumia kola zitamlalia. Ni huruma.

Siachi. Hata nikikokota mguu, siachi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mkutano wa wanamichezo. Peke yangu, Baba Kidosho alikuwa na bomba la watu limepasuka. Mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye filimbi na macho makali, alisoma kanuni neno kwa neno. Karatasi nne. Usipokee msaada wa mtu wa nje. Ndugu asivuke kamba kukimbia nawe, hata hatua kumi za mwisho, ukimruhusu unaondolewa. Mmoja akanung'unika, jamani hata mtoto? Hata mtoto, akasema. Nikatia sahihi.

Nyumbani Kidosho alinikuta ninapanga vitu: miwani ya kuogelea, helmeti, tyubu mbili, viatu.

"Mama, ukiogopa kule majini utafanyaje? Sema kweli."

"Nitalala chali nipumue. Ikikataa, nitanyanyua mkono boti ije."

"Na ukitolewa?"

"Nitakwambia nimetolewa."

Akafikiri. Akasema labda atakuja wakati wa kukimbia. Labda! Nimeishika hiyo labda kwa mikono miwili.

Jumapili, 12 Oktoba

Daftari liko nyumbani. Ninaandika nyuma ya karatasi za kanuni, kwa kalamu ya Baba Kidosho ya kuandikia vipimo vya mabomba. Nitazibandika baadaye. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya hema la waamuzi. Niandike upesi, wameniambia nisubiri.

Majini: hofu ilinivizia kwenye boya la pili, watu wananipiga mateke kila upande. Nikalala chali. Mbingu tupu. Boti ikasogea, kijana akauliza, mama, tukutoe? Nikamwambia ngoja. Nikahesabu hadi hamsini. Nikageuka, nikaogelea. Nikatoka kwa miguu yangu! Nilitazama ufukweni — hakuwepo. Sawa. Alisema mbio.

Baiskeli: upepo wa uso kwa uso, na pancha kilomita ya sitini na moja. Dakika tisa. Barua hazikuoza!

Mbio: goti likaanza kudai kilomita ya nane. Nilitembea kila mwinuko, nikakimbia kila mteremko, nikilia kidogo, niseme ukweli. Kwenye kona ya mwisho Mzee Posta alikuwa anapiga kelele kwamba zimebaki dakika tano.

Hapo nikamwona. Kidosho, kasukwa tena na baba yake, njia za panya kichwani, taulo langu la mwaka jana begani. Anainama kupita chini ya kamba. Kutoka kona ile hadi alipokuwa ni hatua kama sitini. Kumpungia arudi lilikuwa jambo la sekunde moja. Kanuni nilikuwa nazo kichwani, kurasa zote nne.

Nikanyoosha mkono.

Akaushika. Tukakimbia. Alikuwa anasema umefika, mama, umefika, na mimi sina pumzi ya kujibu. Tulikata utepe kwa saa nane na dakika ishirini na sita.

Medali nilikaa nayo kama dakika mbili. Mama wa filimbi akaja akaivua shingoni mwangu, taratibu, bila kunidhalilisha. Akaeleza: kama mtoto aliingia mwenyewe na sikumwona hadi ameshanishika, wanaweza kusamehe. Kama nilimwona nikamruhusu, jina linafutwa. Wanakubaliana kwanza ndani, halafu ataniuliza mwenyewe.

Mzee Posta kaja kuninong'oneza. Sema jua lilikuwa machoni, hukuona kitu. Nani atabisha? Miezi yote hii, mwanangu, usiitupe kwa sekunde moja. Anaitaka medali ile pengine kuliko mimi. Na mimi naitaka! Naitaka sana, nisijifanye.

Baba Kidosho anatazama viatu vyake.

Kidosho kakaa karibu yangu, taulo mapajani. Amesikia yote. Aliuliza, ni kosa langu? Nikasema hapana, wewe hukuijua kanuni. Akauliza, na wewe?

Hema limefunguliwa. Mama wa filimbi anakuja, medali mkononi, na Kidosho ameacha kumtazama, ananitazama mimi.

Jua lilikuwa mgongoni mwangu. Ananiita.